Maswali ya wasomaji: Ripoti ya testi imefika nyumbani, tuisomeje?

Kila msimu wa ripoti napokea picha za makaratasi kutoka kwa wazazi mlioko Marekani, yana mishale, yana rangi, yana namba mpaka macho yanauma, testi ya kusoma na testi ya hesabu za watoto wa elementari. Mimi nimefundisha gredi ya 3 na ya 4, nimewasimamia watoto wakifanya hizo testi, na nimeshakuwa pia mzazi anayefungua bahasha na mikono inatetemeka. Kwa hiyo haya maswali hayanichoshi kabisa. Nimechukua saba, majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina watoto watatu, wawili wako elementari ya karibu na tunapokaa. Shoga yangu kanitumia linki ya tovuti inayopanga shule kwa namba, yetu imepewa 3 kwa 10. Nikaangalia zaidi nikakuta watoto waliofikia kiwango kwenye kusoma ni kama theluthi tu, na hesabu hivyohivyo. Mume wangu anasema tuhame hata kama kodi ya huko itatuumiza. Lakini walimu wa hapa nawapenda na watoto wanaenda shule wanacheka. Nifanyeje? – Mama wa watatu

JIBU: Marahaba mama. Kabla hamjafunga mizigo naomba tukae na hiyo theluthi kwanza.

Kuna sheria ya serikali kuu ya 2015, inaitwa ESSA, ilichukua nafasi ya ile ya No Child Left Behind iliyosainiwa 2002. Inalazimisha kila jimbo lipime watoto kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia gredi ya 3 mpaka ya 8. Ila testi yenyewe inatungwa na jimbo, na mstari wa kufaulu unachorwa na jimbo. Kwa hiyo ukisikia mtoto "amefikia kiwango" maana yake kavuka mstari wa jimbo lenu, basi, aliyeukosa kwa swali moja na aliyeukosa kwa maswali ishirini wote wanawekwa kapu moja la wasiofikia. Sasa chukua mwalimu aliyepokea darasa la gredi ya 4 ambamo watoto wengi wanasoma kama wa gredi ya 2, akapambana nao akawapandisha mwaka na nusu ndani ya mwaka mmoja, hiyo ni kazi kubwa mnoo, na bado wengi watakuwa chini ya mstari na asilimia ya shule haitatikisika. Mwenzake wa mtaa mwingine kapokea watoto ambao walishavuka mstari kabla hajajua hata majina yao, wakisogea kidogo tu shule inapewa 9. Ile tovuti haikuambii nani kafundisha zaidi, inakuambia zaidi watoto gani wameingia mlangoni.

Hili sio la kwangu peke yangu. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walikusanya matokeo ya testi za majimbo nchi nzima, wakakuta wastani wa maksi unafuatana sana na kipato cha familia, lakini kasi ya watoto kukua mwaka hadi mwaka inafuatana nacho kidogo tu. Mfano wao ambao sijausahau ni Chicago. Maksi za mji zilikuwa za chini, lakini watoto wake kutoka gredi ya 3 mpaka ya 8 walipiga hatua ya miaka 6 ndani ya miaka 5. Mzazi anayeangalia asilimia ya waliofikia kiwango asingeliona hilo hata siku moja.

Kwa hiyo ingia kwenye ripoti rasmi ya shule, kila jimbo linatakiwa kuiweka hadharani, achana na namba ya ile tovuti. Tafuta sehemu ya ukuaji, majimbo karibu yote wanayo. Alafu angalia kundi linalofanana na watoto wako, maana sheria inataka matokeo yatolewe pia kwa makundi, wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu, wa kipato cha chini. Angalia miaka mitatu, usiangalie mmoja. Kama gredi ina watoto 50 basi mtoto mmoja ni pointi 2 nzima, shule "ikishuka" pointi 6 ni watoto watatu wamekosa mstari, na watatu hao pengine mmoja aliumwa siku ile na mwingine alihamia mwezi wa tatu.

Ukishamaliza hayo omba ukakae darasani asubuhi moja. Angalia daftari, kazi ya watoto imeandikwa maoni au ina tiki tu? Muulize mwalimu mkuu mtoto aliye nyuma kwenye kusoma anapewa nini cha ziada, na nani, na mara ngapi kwa wiki, shule inayojua kazi yake itakujibu hapohapo bila kutafuta maneno. Na niseme wazi pia, kama ukuaji uko chini miaka mitatu mfululizo na walimu wanabadilika kila mwaka, basi mumeo ana hoja na upendo wa walimu hautoshi. Lakini msihame kwa sababu ya 3 kwa 10.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Tumeingia Marekani hata mwaka na nusu haujaisha. Kijana wangu yuko gredi ya 5, kule tulikotoka alikuwa anaongoza darasa, hesabu ndo usiseme. Ripoti imekuja hajafikia kiwango, kusoma na hesabu zote. Sasa shule wanataka kikao wanasema watamfanyia tathmini, nahofia wanataka kumuweka na watoto wenye matatizo ya akili. Wamesema mtoto mwenyewe ndo atanitafsiria. – Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Nzuri kaka, pole sana. Naanza na la mwisho, mtoto hatafsiri kikao chake mwenyewe. Shule inayopokea hela ya serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, lazima iongee na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani anayejua kazi, bure, awepo ukumbini au kwa simu. Andika hata mistari miwili, nahitaji mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao cha tarehe fulani, peleka, baki na nakala. Usiende kukaa pale mtoto wa miaka kumi akutafsirie habari zake, atakwambia "wamesema niko vizuri" na mtarudi nyumbani.

Sasa testi. Kwenye miezi 12 ya kwanza ya mtoto kwenye shule za Marekani jimbo linaweza kumsamehe ile testi ya kusoma mara moja, lakini hesabu lazima aifanye, na akishavuka miezi hiyo anafanya zote kama wenzake. Kwa hiyo kijana wako kapimwa hesabu ndani ya lugha ambayo bado anaitafuta. Niliwahi kukaa na mvulana kama wako, swali linasema Maria ana stika 42, ni 17 zaidi ya alizonazo John, John anazo ngapi. Akaona lile neno la "zaidi", akajumlisha, 59. Nikamsomea swali lilelile kwa Kiswahili na nikamchorea mistari miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi. Hakunyanyua hata penseli, akasema 25, tena alinishangaa kwa nini namuuliza kitu rahisi hivyo. Kwenye ripoti yule mtoto alikuwa ameandikwa hajui kutoa.

Mtafiti mmoja wa Canada, Jim Cummins, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba lugha ya kucheza na wenzake mtoto anaipata ndani ya kama miaka miwili, ila lugha ya vitabu na ya darasani inachukua miaka 5 mpaka 7. Ndo maana walimu wengine wanachanganyikiwa, wanamsikia mtoto anapiga stori Kiingereza safi kabisa wanadhani lugha imekwisha, alafu maksi zikija chini wanaanza kutafuta ugonjwa.

Kuhusu hiyo tathmini waulize ni ipi hasa. Inawezekana ni ule mtihani wa Kiingereza ambao kila mtoto anayejifunza lugha anaufanya kila mwaka, kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, majimbo mengi wanatumia ule wa WIDA, huo hauna shida na mtoto anautaka ili aendelee kupata msaada. Kama ni tathmini ya elimu maalum basi jua kwamba haianzi mpaka wewe usaini, na sheria inayoitwa IDEA inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu kama sababu kubwa ya kubaki nyuma ni kutojua Kiingereza. Waulize watampima kwa lugha gani. Waulize pia siku ya testi alipewa msaada gani kati ya ile inayoruhusiwa kwenye jimbo lenu, kama kamusi ya lugha mbili au kusomewa maswali ya hesabu, mara nyingine haki ipo na hakuna aliyekumbuka kuitimiza.

Ila kaka nikuombe na wewe kitu. Mpe kitabu cha Kiswahili jioni moja, mkae wawili, asome. Akisoma vizuri na kukueleza alichosoma, una ushahidi mzuri wa kwenda nao kikaoni. Akikwama hata kwenye Kiswahili, herufi zinamruka, anasahau alichosoma dakika ileile, basi usiikatae ile tathmini kwa hofu ya maneno ya watu. Elimu maalum sio kundi la wendawazimu, ni msaada ulioandikwa kwenye karatasi ambao shule inalazimika kuutoa.

SWALI: Mwalimu binti yangu gredi ya 2 kaleta 46 kwenye hesabu!! Nimemnyang'anya tableti wiki ya pili hii. Nimtafutie tuisheni?

JIBU: Dada mrudishie leo. Hiyo 46 uliyonitumia picha yake ni pasentaili, sio asilimia ya maswali aliyopata. Maana yake ukichukua watoto 100 wa gredi yake nchi nzima, maksi zake ziko sawa au juu ya watoto 46 kati yao. Ni katikati kabisa. Na hii testi ya kwenye kompyuta inajibadilisha kadri mtoto anavyojibu, akipata inampa ngumu zaidi, akikosa inashusha, imetengenezwa ili karibu kila mtoto akose kama nusu ya maswali, hata yule bingwa wa darasa. Kuna mstari mwingine kwenye hizi ripoti unawachanganya wazazi, ule unaosema mtoto wa gredi ya 2 yuko "4.8". Hausemi anaweza kazi ya gredi ya 4, unasema kafanya testi ya gredi ya 2 kama ambavyo mtoto wa gredi ya 4 angeifanya. Mwambie binti yako kwamba mama ndo alisoma ripoti vibaya, watoto wanakumbuka sana siku mzazi alipowaomba radhi.

SWALI: Mimi niko nyumbani Afrika, mdogo wangu ndo yuko huko na wanae. Nimesoma sehemu kwamba watoto wa gredi ya 4 Marekani wanaojua kusoma ni asilimia 31 tu. Kweli jamani? Tuliwapeleka huko kufanya nini?

JIBU: Namba ni ya kweli, maana uliyopewa sio. Inatoka kwenye mtihani wa taifa unaoitwa NAEP, upo tangu 1969, wanachukua sampuli ya watoto tu, na hakuna mtoto wala shule ya elementari inayopata ripoti yake kutoka humo. Una ngazi tatu, Basic (ya msingi), Proficient (ya umahiri) na Advanced (ya juu kabisa). Mwaka 2024 waliofikia Proficient au zaidi kwenye kusoma gredi ya 4 walikuwa asilimia 31, lakini Proficient ya NAEP ni ngazi ya juu, wenyewe wanaoitoa wanasema isichukuliwe kama kiwango cha kawaida cha gredi. Kwa hiyo asilimia 69 iliyobaki sio watoto wasiojua kusoma.

Kinachoniuma mimi ni namba nyingine ambayo haisemwi sana, asilimia 40 walikuwa chini hata ya Basic. Wastani ulikuwa 220 mwaka 2019, ukashuka 217 mwaka 2022, ukashuka tena 215 mwaka 2024. Hesabu iliporomoka 241 kwenda 236 wakati wa korona, ikapanda pointi mbili tu. Na wale wa chini kabisa walishaanza kuteleza kabla hata korona haijaja, korona iliwakuta njiani. Mdogo wako hakukosea kuwapeleka wanae, ila awafuatilie kwa karibu, asidhani shule itafanya peke yake.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa gredi ya 4 akisoma kwa sauti utampenda, anatiririka, hakwami. Lakini testi ya kusoma anafeli kila mara. Mwalimu wake anasema afanye mazoezi ya kusoma dakika 20 kila siku, anafanya, hakuna kinachobadilika. Nimechoka na nimeishiwa mbinu. – Mama Pili

JIBU: Marahaba mama. Swali lako ndo nililolisubiri, maana naliona kila mwaka na linaumiza kwa sababu mtoto anajitahidi kweli.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Gough na Tunmer, waliandika kitu kifupi sana: kusoma ni kutambua maneno *mara* kuelewa lugha. Mara, sio kujumlisha. Ukiwa na moja kati ya hivyo viwili karibu na sifuri, jibu linakaribia sifuri hata kama kingine ni kizuri kiasi gani. Mwanao maneno anayatambua, hilo limeisha, na dakika 20 zaidi za kutiririka zinaongeza kile ambacho tayari anacho. Kilichopungua ni upande wa pili, na upande wa pili ni maneno na habari za dunia.

Nilikuwa na msichana anayefanana na wako. Kifungu kilikuwa cha kijiji chenye ukame, wanakijiji wanachimba well. Kasoma chote bila kosa. Nikamuuliza wamefanya nini, akasema "wamechimba vizuri". Neno well alilijua kama vizuri tu, hakuwahi kuambiwa kwamba ni kisima pia. Kwa hiyo hadithi nzima ikamponyoka, maji yalipotokea aya ya tatu hakujua yametoka wapi, na maswali sita akakosa matano. Kwa karatasi hana uwezo wa "kutambua wazo kuu". Hapana, hakujua kisima.

Na kuna utafiti wa 1988 wa Recht na Leslie naupenda sana kuwaeleza wazazi. Walichukua wanafunzi 64, wakawapa kifungu cha mchezo wa baseball. Wale waliopimwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua huo mchezo walielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Yaani testi ya kusoma inapima pia mtoto anajua nini kabla hajafungua ukurasa.

Kwa hiyo badilisha hizo dakika 20. Asome kurasa chache, funga kitabu, akueleze kwa Kiswahili kama vile anakusimulia kitu kilichotokea shule. Kwa Kiswahili, ndio, usiogope, akielewa mvuke unavyokuwa wingu kwa Kiswahili hatajifunza wingu upya kwa Kiingereza, atajifunza jina lake tu. Akikwama kukueleza rudini kwenye sentensi alipopotelea, mara nyingi utakuta ni neno moja dogo kama lile la kisima. Alafu kaeni na mada moja wiki mbili au tatu, volkano, nyuki, safari za angani, chochote anachokipenda, vitabu vinne vitano vya maktaba kwenye jambo hilohilo, maana maneno yaleyale yanarudi na kurudi mpaka yanakuwa yake. Na wewe ongea naye habari za watu wazima, kwa nini mto unafurika, bei inapandaje, damu inazungukaje. Wazazi wengi wanadhani wakiongea Kiswahili wanamchelewesha, wanahamia Kiingereza chao cha kubabaisha, mazungumzo yanakuwa ya vaa viatu na kula haraka. Hapo ndo mtoto anapopoteza.

Mwulize mwalimu pia kama kusikia na macho vimepimwa mwaka huu. Ni jambo dogo, ila nimeshamkuta mtoto aliyekuwa anakisia nusu ya anachosomewa darasani.

SWALI: Shule ya wanangu toka mwezi wa pili ni kufanya mazoezi ya testi tu, sayansi hakuna, michoro hakuna. Naweza kumkataza mwanangu asifanye hiyo testi? Na je ninunue vile vitabu vya mazoezi?

JIBU: Kukataza inategemea jimbo. California mzazi akiandika barua wanamwachia, Texas sheria haina mlango huo. Serikali kuu nayo inataka asilimia 95 ya watoto wapimwe, kwa hiyo shule itakubembeleza. Mimi singemkataza, kwa sababu mtoto ambaye hajapimwa ni rahisi kusahaulika, na watoto wetu ndo wa kwanza kusahaulika. Ila singenyamazia hiyo ya kufuta sayansi. Nimetoka kusema hapo juu kwamba kuelewa unachosoma kunatokana na kuijua dunia, sasa shule ikiondoa sayansi ili ipandishe maksi za kusoma inakata tawi ililokalia. Nenda na wazazi wenzako wawili watatu kwa mwalimu mkuu, mseme hivyohivyo.

Vitabu usinunue kwanza. Chukua ripoti ya hesabu, mara nyingi utaona kipande cha hesabu za sehemu (fractions, zile za nusu na robo) kimewekwa alama ya chini, lakini kipande hicho kimetokana na maswali machache tu hivyo usikiamini peke yake, mjaribu mwenyewe mezani. Muulize kubwa ni ipi, theluthi au robo, muandikie 1/3 na 1/4. Watoto wengi wa gredi ya 3 na ya 4 watakuambia robo, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Hiyo haitibiwi na kurasa 200 za mazoezi, atakosea mara 200. Chukua karatasi mbili zinazolingana, moja akunje ipate vipande vitatu sawa nyingine vipande vinne sawa, apake rangi kipande kimoja kwenye kila moja, aziweke juu ya nyingine. Nyamaza. Muache aone mwenyewe, uso wake utakwambia ameelewa kabla hajafungua mdomo.

SWALI: Mwalimu naandika usiku huu sina usingizi. Binti yangu ni gredi ya 3 na kwenye jimbo letu asiyefaulu kusoma hapandi juu, anarudia darasa. Kamsikia mwalimu akisema. Toka hapo asubuhi anatapika, jana kaniuliza "mama nikirudia utaendelea kunipenda?" Nililia chooni. – Mama wa gredi ya 3

JIBU: Mdogo wangu nimesoma barua yako mara mbili. Mjibu leo, asubuhi kabla hajavaa viatu, mwambie ndio, na umwambie kwamba hiyo testi haina swali lolote linalomhusu yeye na mama yake.

Sheria ya namna hiyo ipo kweli kwenye baadhi ya majimbo. Florida walianza na yao 2002, Mississippi 2013, Michigan walikuwa nayo wakaifuta hiyo ya kurudisha watoto 2023. Lakini karibu zote zina milango ya kutokea ambayo haitangazwi kwa sauti. Kuna kurudia testi, kuna testi mbadala, kuna kukusanya kazi za mtoto za mwaka mzima zionyeshe kwamba anajua, kuna misamaha kwa baadhi ya watoto wenye mpango wa elimu maalum, na Florida kwa mfano kuna msamaha kwa mtoto anayejifunza Kiingereza ambaye hajafikisha miaka miwili ya mafunzo. Andika shuleni uulize kwa maandishi, mwanangu yuko kwenye hatari ya kurudia au la, na kama yuko, milango ipi ipo na mwisho wa kuomba ni tarehe ngapi. Usikute unaumia kwa kitu ambacho hata hakimhusu.

Na ujue Mississippi hawakupanda kwa kuwarudisha watoto tu. Walifundisha walimu upya jinsi ya kufundisha sauti za herufi, wakapeleka wakufunzi wa kusoma kwenye shule zilizokuwa chini, wakawa wanawapima watoto toka chekechea ili anayekwama ajulikane mapema, na kufika 2019 gredi ya 4 yao ilikuwa sawa na wastani wa taifa kwenye kusoma, jimbo ambalo zamani lilikuwa mkiani. Kwa hiyo unayo haki ya kuuliza shule, toka chekechea mlimpima mara ngapi, mliona nini, na mlifanya nini? Kama walijua anakwama toka gredi ya 1 wakakaa kimya, hilo ni deni lao, mtoto asilibebe tumboni.

Kuhusu kutapika, muone daktari wa watoto, usisubiri testi ipite. Mwambie mwalimu pia, wengi wao hawajui maneno yao yamefika wapi, na mwalimu akijua anaweza kumkalisha karibu yake, kumpa chumba kidogo chenye watoto wachache, kumruhusu asimame anyooshe miguu. Ule usiku wa kuamkia testi msifanye zoezi hata moja. Mwache achague kitabu cha kitoto kabisa, kile alichokipenda akiwa na miaka minne, akusomee wewe, na asipotaka kusoma msomee.

Barua ya shule ikija nitumie picha, nitaisoma na wewe mstari kwa mstari.